Tusidharau vita vya mezani

Wako watu wazima wenye akili timamu, huko Uingereza, Ufaransa na kwingineko, ambao hushinda kutwa wakiizunguka meza iliyopangwa vilima vya bandia na majeshi ya sanamu zisizozidi urefu wa kidole. Majeshi hayo ni ya Napoleon na mahasimu wake. Sanamu husogezwa kwa kipimo, kisha dadu hurushwa kuamua nani ameanguka na nani ametoroka. Wengi wetu tungewacheka. Mimi nimeucheza mchezo huo, na ninashikilia kwamba mwalimu wa Historia angefanya vyema kuuchunguza kabla ya kuubeza.

Asili yake si ya kitoto. Mnamo 1824, ofisa wa jeshi la Prussia aliyeitwa Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi ya babake, alitoa kanuni za mchezo wa vita juu ya ramani kwa ajili ya kuwafunza maofisa. Palikuwa na mwamuzi, naye alimfichulia kila mchezaji yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Hapo ndipo penye funzo.

Tumewazoesha wanafunzi kukariri kwamba Napoleon alishindwa huko Waterloo tarehe 18 Juni 1815, kana kwamba jambo hilo liliandikwa tangu azali. Mwanafunzi husoma kwamba siku moja kabla ya pigano, Napoleon alimtuma Grouchy na askari wapatao 33,000 kuyafuata majeshi ya Prussia, naye hushangaa mbona mtu hodari alijipunguzia nguvu. Basi mweke mwanafunzi huyo mezani. Hajui majeshi ya Prussia yameelekea wapi. Mvua imenyesha usiku kucha, na mizinga haiendi kwenye tope. Akingoja ardhi ikauke, huenda adui wa pili akamfikia. Akituma askari wa farasi, adui hujipanga mraba wenye singe pande zote, na farasi hawathubutu kuingia. Akileta mizinga kuuvunja mraba huo, saa nazo zinayoyoma. Ataondoka hapo akifahamu kwamba historia ni maamuzi ya watu waliojua machache, wala si orodha ya tarehe.

Wapo watakaosema kwamba mchezo wa namna hii huwafunza vijana kupenda vita. Hoja hiyo ina uzito. Sanamu moja huweza kuwakilisha askari 20 au zaidi. Ikianguka hurudishwa sandukuni, na kesho hupigana tena. Huko Waterloo, waliouawa na kujeruhiwa wa pande zote walikaribia 50,000, nao hawakurudishwa popote. Aidha, mezani mara nyingi hakuna mkate, maradhi wala mpagazi, ilhali jeshi kubwa ambalo Napoleon alilipeleka Urusi mwaka 1812 liliangamizwa na njaa, magonjwa na baridi pamoja na risasi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuuliza juu ya huyo mpagazi asiye na sanamu. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha michezo hii, Little Wars, mwaka 1913, akahoji kwamba anayecheza vita vidogo hutambua upuzi wa vita vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilizuka, vikatufikia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wetu walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zingali zinabeba jina la kikosi chao. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kwa hivyo, nawasihi walimu wasiutupe mchezo huu, bali waukamilishe. Gharama isiwe kisingizio: vifuniko vya chupa za soda vyaweza kuwa vikosi, na ramani yaweza kuchorwa kwa chaki sakafuni. Waongeze chakula na wapagazi katika kanuni zao. Kisha, kabla ya kumtaja mshindi, kila mwanafunzi avihesabu vifuniko vilivyoondolewa, azidishe kwa idadi ya watu ambao kila kimoja kiliwakilisha, na aiandike hesabu hiyo ubaoni. Atakayeweza kushangilia ushindi wake mbele ya tarakimu hiyo, huyo bado hajamaliza somo.