Mpangilio wa darasa ndio huamua nani atasema

Kila shule zinapofunguliwa, mjadala kuhusu madarasa huzuka upya humu nchini, na aghalabu huwa ni mjadala wa hesabu tu. Yamejengwa mangapi? Yamepungua mangapi? Mwaka wa 2021 serikali ilianzisha mpango wa kujenga madarasa 10,000 katika shule za upili ili kuwapokea wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi. Kabla wanafunzi hao hawajafika, ilitangazwa mnamo Desemba 2022 kwamba sekondari msingi ingewekwa katika shule za msingi, na Januari 2023 watoto wa Gredi ya 7 wakaanza masomo katika nyua zile zile walizozizoea. Sina nia ya kuifufua kesi hiyo. Nataka kuuliza swali ambalo katika kelele zote hizo halikuulizwa: tukishalipata darasa, tunalipanga vipi ndani?

Huenda msomaji akaliona swali hili kuwa dogo, la kuachiwa kiranja na ufagio wake. Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi wala seremala, na katika taaluma yangu nimefikia kuamini kwamba jinsi madawati yanavyopangwa ndivyo lugha inavyogawanywa miongoni mwa watoto. Wako wanaopata kibaba na wako wanaoambulia kapi.

Kazi yangu hunipeleka mara kwa mara kuwakagua walimu wanagenzi walio katika mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi, kama ijulikanavyo, huketi nyuma kabisa. Alasiri moja nilikuwa katika shule moja ya eneo la Kimumu, kandokando ya barabara itokayo Eldoret kuelekea Iten. Mwalimu kijana alikuwa akisoma imla mvua ilipoanza kupiga mabati. Darasa halikuwa na dari. Aliinua sauti, akaendelea. Msichana aliyeketi kando yangu aliandika kwa bidii na kwa hati safi: "Tamu ilimtoka kotini." Sentensi iliyosomwa ilikuwa: "Damu ilimtoka gotini."

Madaftari yalipokusanywa, mwalimu alitia alama ya kosa na kuniambia baadaye kwamba hayo ni "matatizo ya lugha ya mama". Nami nilikuwa karibu kukubaliana naye, kwa kuwa ndivyo tunavyowafundisha chuoni. Ni kweli kwamba lugha za Wakalenjin hazitumii mghuno kutofautisha maana za maneno, hata mtoto aliyekulia katika lugha hizo hulazimika kujifunza upya kwamba "t" na "d", "k" na "g", "p" na "b" ni sauti mbalimbali katika Kiswahili. Lakini nilijiuliza: mimi niliyeketi pale nyuma, nilisikia nini hasa? Waama, siwezi kuapa kwamba nilisikia "d". Nilijua ni "damu" kwa sababu Kiswahili nakijua, na sikio la mjuzi hujijazia lenyewe mapengo ambayo kelele imeyatoboa. Msichana yule hakuwa na cha kujazia. Sauti aliyotakiwa kujifunza haikumfikia, kisha akaadhibiwa kwa kutoijua.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Katika matamshi, konsonanti nyingi ni dhaifu kuliko irabu, ilhali ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tofauti za maneno. Mahali pa wazi, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa maradufu. Chumbani kuta husaidia kiasi, lakini mtoto wa safu ya mwisho bado hupokea sauti iliyochoka. Tena yabainika katika utafiti wa isimu kwamba anayesikiliza lugha ya pili huumizwa na kelele kuliko anayesikiliza lugha yake ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 1999, lilipendekeza kwamba kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Mvua ya Uasin Gishu juu ya mabati matupu haijausoma mwongozo huo.

Sasa tutazame ni nani anayewekwa nyuma. Katika madarasa mengi niliyoketi, nyuma hukaa warefu, waliochelewa kufika, waliorudia darasa, na wale ambao mwalimu amekwisha kuwakatia tamaa. Mbele hukaa wadogo na werevu. Watafiti Raymond Adams na Bruce Biddle walionyesha mwaka wa 1970 kwamba katika darasa la safu, mazungumzo mengi baina ya mwalimu na wanafunzi hutokea katika eneo la mbele na la katikati. Waliobaki pembeni na nyuma huwa watazamaji. Kwa hiyo aliye dhaifu huwekwa mahali pa kusikia kidogo na kusema kidogo, kisha mwisho wa muhula tunashangaa kwamba amezidi kudhoofika. Mwenye nacho huongezewa.

Hata aliye mbele hapati mengi. Tuchukue darasa la watoto 60 katika kipindi cha dakika 35. Mwalimu akijizuia asiseme zaidi ya nusu ya kipindi, na hilo ni nadra, kila mtoto atapata sekunde 17 na nusu za kuzungumza. Ndiyo maana tumebuni hila ya kujibu kwa pamoja: mwalimu huacha sentensi ikining'inia, darasa zima likaimalizia kwa kishindo. Caroline Pontefract na Frank Hardman, walipochunguza mazungumzo katika madarasa ya shule za msingi za Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2005, walikuta kwamba mtindo wa mwalimu kueleza na kuuliza, nao watoto kuitikia kwa pamoja, ndio uliotawala. Kishindo hicho huridhisha masikio, lakini hakimwambii mwalimu ni nani aliyesema "damu" na ni nani aliyesema "tamu".

Ikumbukwe kwamba mtaala wa umilisi umetaja umilisi wa kimsingi wa aina saba, na wa kwanza katika orodha hiyo ni mawasiliano na ushirikiano. Katika somo la Kiswahili, kusikiliza na kuzungumza ndiko kunakotangulia kusoma na kuandika. Je, mtoto atawasiliana na kushirikiana na nani, ikiwa anachokiona mbele yake mwaka mzima ni kisogo cha mwenzake?

Safu hizi si amri iliyoshuka mbinguni. Zina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko London, Joseph Lancaster alipanga mamia ya watoto maskini katika mabenchi yaliyoelekea upande mmoja, ili mwalimu mmoja akisaidiwa na viranja aweze kuwamudu. Shabaha ilikuwa nidhamu na kupunguza gharama. Shule tulizoletewa na wamishonari na wakoloni zilirithi mkao wa namna hiyo. Mitihani nayo ikauimarisha, kwani katika mtihani jirani ni mtu wa kuepukwa. Wazee wetu, walipotaka watu wasikizane, hawakuketi hivyo. Wakalenjin katika kokwet yao walizunguka chini ya mti, na kila msemaji alionekana uso. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, watoto waliketi mkekani wakimkabili mwalimu kwa ukaribu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Katika shule zetu za chekechea elimu hii tunayo. Tangu kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo kilipoanzishwa mwaka wa 1984 katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, walimu wa chekechea wamefunzwa kugawa chumba katika kona: kona ya duka yenye mikebe mitupu, kona ya nyumbani, kona ya vitabu. Wamepasua magunia, wakayapaka rangi na kuyaandika herufi na picha, kwa kuwa manila huraruka na haina bei nafuu. Mtoto wa miaka mitano huketi kwa vikundi na kuuza na kununua kwa maneno yake mwenyewe. Akipanda madarasa, magunia hupungua, kona hufa, na vinywa navyo hufungwa.

Najua jibu nitakalopewa na walimu wenzangu, na ni jibu la haki. Watatu wamebanana kwenye dawati la wawili, mwalimu hana pa kupitishia mguu, halafu mhadhiri anakuja na ngano za kona na duara! Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka wa 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 hivi katika mwaka mmoja, na kuta hazikupanuka kwa kasi hiyo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unasema kwamba darasa la mita 7.5 kwa mita 6 ni la wanafunzi 40 wasiozidi, iwapo wanakaa wawili wawili. Ukiwatia 60 humo, kila mmoja hubakiwa na robo tatu ya mita mraba. Hilo ni jukumu la serikali, na makala haya hayalengi kumtwika mwalimu mzigo wa bajeti.

Vilevile, sidai kwamba duara ni dawa ya kila ugonjwa. Kevin Wheldall na wenzake nchini Uingereza walionyesha mwaka wa 1981 kwamba watoto hufanya kazi ya mmoja mmoja kwa makini zaidi wakiwa katika safu kuliko wakiwa wamezunguka meza. Huo ni ukweli ambao wapenzi wa vikundi hawapendi kuutaja. Kanuni basi ni moja: kikao kifuate kazi. Ya kuandika insha ina mkao wake, na ya kujadiliana ina wake. Kosa letu ni kuwa na mkao mmoja kwa kazi zote, kuanzia Januari hadi Novemba.

Yapo mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya kesho bila kumwomba mtu shilingi. La kwanza, dawati lisisogezwe, bali watoto wa safu ya kwanza wageuke wawatazame wa safu ya pili, wa tatu wawatazame wa nne. Kwa nusu dakika darasa limekuwa vikundi vya watoto wanne wanne au sita sita. La pili, mazungumzo ya wawili wawili yapewe dakika 10 katika kipindi. Katika dakika hizo kila mtoto ana dakika tano za kusema, yaani takriban mara 17 ya zile sekunde nilizozitaja. Kelele itakuwapo. Ni kelele ya kazi, na namsihi mwalimu mkuu asiichungulie dirishani kwa hasira.

La tatu, safu zizungushwe kila Jumatatu, waliokuwa nyuma waje mbele, ila mwenye uoni hafifu au usikivu hafifu ambaye nafasi yake ya mbele isiguswe. La nne, patengwe njia ya mwalimu kufika nyuma, na imla isomwe mara moja akiwa mbele na mara ya pili akiwa nyuma. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kukimbilia nje wakati wa hatari, kwa hivyo isizibwe na dawati lolote. La tano, chati zishushwe zilingane na macho ya watoto, na ziwe maandishi yao wenyewe. Chati iliyotundikwa karibu na paa ni pambo la mkaguzi. La sita, ratiba isikize mbingu. Huku kwetu mvua aghalabu hunyesha alasiri, basi vipindi vya kusikiliza na kuzungumza viwekwe asubuhi, na mvua ikitukuta, watoto waandike au wasome kimya.

Kwa wanaopitisha bajeti za ujenzi nina ombi moja. Wanapokadiria gharama za darasa, dari ihesabiwe pamoja na mabati, isiachwe kuwa anasa ya kuongezwa fedha zikibaki. Darasa lisilosikika ndani yake wakati wa mvua ni darasa la nusu mwaka.

Nanyi wanafunzi wa ualimu mnaosoma safu hii, siku mtakayofika katika shule mliyopangiwa, msianze kwa kusimama mbele. Ingieni darasani kabla ya watoto, mwende mkaketi katika dawati la mwisho, kwenye kona iliyo mbali na mlango. Mwombeni mwenzenu asome maneno kumi kutoka ubaoni: pata, bata, tamu, damu, koti, goti, na mengineyo. Andikeni mnachosikia. Baada ya hapo mtaamua wenyewe ni madawati gani yageuzwe, na mtafikiri mara mbili kabla ya kuandika kwenye daftari la mtoto kwamba kosa ni la lugha ya mama yake.