Mkate wa Yeremia ulitolewa na serikali

Mfalme Sedekia wa Yuda hakumbukwi kwa mema mengi. Nebukadreza wa Babeli alimweka kwenye kiti mwaka 597 K.K., naye akamwasi huyo aliyemweka na kuuponza mji wake. Lakini ipo amri moja aliyoitoa Yerusalemu ikiwa imezingirwa, ambayo wahubiri wengi huipita mbio. Aliagiza kwamba nabii Yeremia, mfungwa wa serikali, apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waoka mikate, mpaka mikate yote ya mji itakapokwisha. Habari hiyo imo mwishoni mwa sura ya 37 ya kitabu cha nabii huyo.

Mahubiri juu ya aya hiyo huishia kwenye muujiza. Waumini huambiwa kwamba Mungu humlisha mtumishi wake, nao huitikia amina. Anayeamini hivyo hajakosea. Hata hivyo, Eliya ndiye aliyeletewa chakula na kunguru. Unga wa Yeremia ulikandwa na watu, mkate ukaokwa tanurini, ukapelekwa kwa mfungwa kwa amri ya mtawala, katika mji ambao kila kipande kilikuwa kikihesabiwa. Jambo hilo lastahili kusemwa mimbarini kwa sauti ileile.

Majeshi ya Babeli yalianza kuuzingira mji mapema mwaka 588 K.K. Farao Hofra wa Misri alipotuma jeshi kuja kusaidia, Wababeli waliondoka kwa muda. Yeremia akaitumia nafasi hiyo kushika njia ya nchi ya Benyamini, alikozaliwa, kwa shughuli ya urithi wa ukoo. Alipofika Lango la Benyamini, mkuu wa zamu aitwaye Iriya akamkamata kwa madai kwamba anakimbilia kwa adui. Yeremia alikana, lakini hakusikilizwa. Wakuu walimpiga, wakamfungia katika nyumba ya mwandishi Yonathani iliyogeuzwa gereza, katika vyumba vya chini ya ardhi, akakaa humo siku nyingi.

Ndipo Sedekia alipomwita kwa siri na kumuuliza kama kuna neno kutoka kwa Bwana. Yeremia alijibu kwamba lipo, na kwamba mfalme atatiwa mkononi mwa Babeli. Mfungwa mwingine angetafuta maneno matamu. Huyu alisema lile lile lililomtia kifungoni, kisha akaomba jambo moja tu: asirudishwe nyumbani kwa Yonathani, asije akafia humo. Chakula hakukiomba. Mkate uliongezwa na mfalme mwenyewe, na hapo Sedekia anastahili sifa.

Amri yake ilikuwa na mpango. Ilitaja mahali pa kukaa, yaani uwanda wa walinzi, ikataja kipimo na siku, ikataja hata mtaa ambao mkate utatoka. Zaidi ya yote iliweka kikomo cha haki: mfungwa atakula maadamu mji unakula. Hatatangulizwa kufa njaa kwa sababu tu amefungwa, wala kwa sababu maneno yake yanawachukiza wakubwa. Serikali nyingi zenye utajiri mara elfu ya Yuda hazijawahi kuandika amri iliyo wazi kiasi hicho.

Na njaa ilikuwepo kweli. Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni Babeli, aliagizwa kuigiza hali hiyo ya kuzingirwa kwa kula chakula cha shekeli 20 kwa siku, yaani kama gramu 230. Wanaakiolojia waliochimba choo cha nyumba moja ya siku zile, katika eneo la Yerusalemu liitwalo Mji wa Daudi, walikuta mayai ya minyoo ya tumboni pamoja na chavua za mboga na magugu, dalili za watu waliobanwa na kuzingirwa kwa mji.

Lakini mkate bila ulinzi haukutosha, na hapo ndipo sifa ya Sedekia inapokatika. Wakuu wanne walimwendea wakidai Yeremia auawe kwa kuwa anailegeza mikono ya wapiganaji. Lugha hiyo ilikuwa ya kawaida wakati huo. Moja ya barua zilizoandikwa juu ya vigae na kufukuliwa Lakishi mwaka 1935 ina lawama kama hiyo, ila humo wanaolaumiwa ni maofisa wenyewe. Na wakuu hao walikuwa watu wa kweli. Mihuri ya udongo yenye majina ya wawili kati yao, Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri, ilifukuliwa Yerusalemu na mwanaakiolojia Eilat Mazar mwaka 2005 na 2008.

Mfalme aliwajibu kwamba mtu huyo yumo mikononi mwao, na kwamba yeye hawezi kuwazuia. Wakamshusha Yeremia kwa kamba katika shimo la Malkiya lisilokuwa na maji, akazama matopeni. Amri ya mkate ikawa haina maana tena.

Aliyemwokoa ni mgeni. Ebedmeleki, Mkushi aliyetumikia jumba la mfalme, alimfuata Sedekia hadi Lango la Benyamini na kumweleza waziwazi kwamba nabii atakufa njaa shimoni. Akapewa watu, akachukua matambara makuukuu ili kamba zisimchubue mfungwa makwapani, akamvuta juu. Yeremia akakaa katika uwanda wa walinzi mpaka mji ulipotekwa, mwaka 587 au 586 K.K.

Dola zilizofanya vibaya zaidi zipo karibu na kizazi chetu. Nikolai Vavilov, bingwa wa mbegu wa Urusi, alikusanya nafaka kutoka pande nyingi za dunia, zikiwemo ngano za Ethiopia alikofika mwaka 1927. Alikamatwa mwaka 1940 baada ya kuipinga elimu ya uongo ya kilimo iliyopendwa na Stalin. Majeshi ya Ujerumani yalipoizingira Leningrad, baadhi ya wenzake walikufa njaa wakizilinda mbegu zile, katika majira ambayo wasio wafanyakazi wa viwandani walipewa gramu 125 za mkate kwa siku. Vavilov mwenyewe alidhoofishwa na njaa gerezani Saratov na kufa Januari 1943. Saratov haikuwa imezingirwa.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 22 inamtaka mwenye gereza ampe kila mfungwa, kwa saa za kawaida, chakula kinachotosha afya na nguvu zake. Lakini katika magereza mengi ya Kongo mfungwa asiye na ndugu wa kumletea chungu hulala na njaa, na ripoti za umoja huo zimerudia kutaja vifo vya utapiamlo humo. Hayo yanatokea katika nchi yenye mashamba, mito na mvua.

Wabunge wanaopitisha bajeti za magereza, na mapadre, wachungaji na mashehe wanaoingia humo kuombea wafungwa, waulize maswali manne: mfungwa analala wapi, anapewa chakula kiasi gani, kila baada ya muda gani, na kutoka ghala lipi? Waongeze la tano: ni nani atakayewajibika mfungwa akitupwa shimoni? Majibu yaandikwe na kuwekwa hadharani.