Daftari la Wiki: Giza la Ziwa na Bei ya Dagaa

Kisado cha dagaa kinapopanda bei hapa Butimba, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mnunuzi aghalabu humlaumu mchuuzi aliye mbele yake, na mchuuzi naye humtaja tajiri wa soko la Mwaloni kule Kirumba. Juma hili, walakini, mwezi ni mpevu, na maadamu dagaa huvuliwa usiku kwa kuhadaiwa na mwanga, zamani wa karabai na siku hizi wa taa za betri na za jua, hapana taa ya binadamu iwezayo kushindana na mbalamwezi. Hivyo mitumbwi hupandishwa ufukweni, nyavu hushonwa, vijana hucheza drafti na kukopa vocha, na masoko yote ya ukanda huu hungojea. Nilimwuliza mama mmoja auzaye kando ya barabara iendayo Nyegezi kwa nini kipimo kimepungua ilhali bei haikupungua. "Mwezi huo, mzee wangu," akanijibu kwa adabu. "Subiri giza." Jibu lake lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

*

Kwani dagaa akikaushwa barabara huweza kukaa ghalani miezi, na bidhaa iwekekayo hivyo ingetazamiwa kuvuka siku chache za mbalamwezi bighairi ya kumtikisa mlaji. Lakini aiwekaye ni nani? Mvuvi, ambaye petroli ya jana aliikopa na chakula cha vibarua wake kinamngoja, hana budi kuuza asubuhi ile ile mtumbwi unapotia nanga, tena katika siku za giza, ambapo kila mtumbwi umejaa na bei imelala. Mwenye ghala hununua hapo, kisha mwezi unapong'aa hufungua mlango wake taratibu kwa wateja wa mjini na wa Kongo, Rwanda na Burundi. Simwiti mwizi, maana ghala nalo lina gharama na hasara zake. Nasema tu kwamba faida ya kuijua kalenda ya mbingu haimwendei yule akeshaye chini yake.

Ukaushaji ndio wenye hadithi nzito zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti jua ni kali, mvua ni adimu, na dagaa aliyeanikwa asubuhi aweza kukusanywa jioni akiwa mkavu na mwenye kung'aa kama fedha. Hali masika, Machi hadi Mei, wingu moja la alasiri latosha kuharibu uvuvi wa usiku mzima, na dagaa aliyelowa, akageuka rangi na kuanza kunuka, huuzwa kwa bei duni kwa watengenezao chakula cha kuku. Ziwa halikupungukiwa kitu. Samaki ni yule yule, ila amekosa chanja ya kumwinua na turubai la kumfunika. Wengi wangali wakianika juu ya mchanga mtupu, na mchanga huo, tusisahau, huingia katika kisado nasi tukaulipia kwa bei ya dagaa.

*

Sangara ana mwezi wake mwingine, nao huchomoza ughaibuni. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, na tena mwaka 2020 ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona, wavuvi wa visiwani, ambao nyavu zao hazikubadilika hata tundu moja, walipata kujua jinsi mlo wa mtu wa mbali unavyoamua kima cha kilo moja mwaloni. Bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, ambalo wazee wetu hawakulihesabu kuwa mali, leo likikaushwa na kupelekwa Hong Kong na China huipita nyama yake kwa thamani mara nyingi. Jambo la ajabu, nami sijalizoea.

*

Kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kwa mapatano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaa. Tangu hapo wapo waulizao kwa nini Victoria nalo lisifuate. Wazo halistahili kudharauliwa, ijapokuwa dagaa wetu hupumzishwa na mwezi kila mwezi, na ijapokuwa kuzipatanisha Tanzania, Uganda na Kenya juu ya tarehe moja ni kazi ya miaka. Mimi ningeomba tuanze na nchi kavu, kwa sababu kujenga chanja zilizoezekwa huko Luchelele au Igombe, na kumkopesha mvuvi petroli kwa masharti yasiyomlazimisha kuuza alfajiri, hakuhitaji saini ya Kampala wala ya Nairobi.