Wanaouza Maswali ya Kesho

Muhula wa tatu ukifika, duka la fotokopi mjini Kitale au Bungoma halikosi mwanafunzi wa Kidato cha Nne mwenye simu ya mzazi mkononi, akichapisha kurasa alizotumiwa kwa WhatsApp. Zimeandikwa juu: utabiri wa KCSE. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kurasa hizo zimeletwa mezani kwangu mara nyingi. Hoja za wanaozitetea nazijua. Nazijibu kwa sababu pesa za kununulia kurasa hizo ni za mama aliyepima mahindi kwa gorogoro sokoni, na wiki zinazopotea hazirudi.

Wanasema KNEC, baraza la mitihani, hurudia maswali. Mada ndizo hurudi. Silabasi ya KCSE ilirekebishwa mwaka 2002, ikaanza kutahiniwa 2006, kwa hiyo vekta na uwezekano havina pa kwenda. Swali lenyewe hugeuzwa. Aliyekariri hatua za tangi linalojazwa na mifereji miwili hukwama mfereji wa tatu ukifunguliwa kulitoa maji; aliyeelewa kasi ya kazi huongeza mstari mmoja tu na kuendelea. Karatasi za miaka iliyopita ni nzuri kwa mazoezi. Ubaya ni kuzifanya silabasi.

Wanasema pia kwamba utabiri wa mwaka jana uligonga. Hesabu basi maswali yaliyokuwamo. Kijitabu chenye karatasi nane kamili za somo moja hugusa karibu kila mada, hivyo hakikosi kufanana na mtihani mahali fulani. Muuzaji hupiga picha swali lililogonga, akalisambaza; yale mengine mengi hayataji. Na akidai anayo karatasi yenyewe, huo si utabiri tena, ni jinai: Sheria ya KNEC ya 2012 inaweka kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi shilingi milioni 2. Matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa mwaka 2015 kwa udanganyifu. Ulinzi ulipokazwa 2016, waliopata A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Tulishuhudia nchi nzima namna alama zilizotegemea njia za mkato zinavyoyeyuka.

Hoja ninayoiheshimu ni ya mtoto anayesema: mwalimu, silabasi ni ndefu na muda umekwisha. Ni kweli ni ndefu. Lakini tazama karatasi ilivyoundwa. Kila karatasi ya hesabu ina maswali 16 ya lazima katika sehemu ya kwanza, alama 50, hakuna kuchagua. Sehemu ya pili unachagua matano kati ya manane. Historia nayo hufungua kwa maswali mafupi 17 ya lazima, yanayookotwa huku na huku katika silabasi. Mwenye mada tano alizotabiriwa huanza kuacha mapengo ukurasa wa kwanza, na pale hakuna swali mbadala la kumwokoa. Kwenye Kiswahili, ni nani atakayetabiri kifungu cha ufahamu? Aliyezoea kusoma magazeti na vitabu ndiye asiyetishwa nacho.

Kuna wanaosema hata walimu hugawa kurasa hizo. Wapo, na inanisikitisha. Mwalimu akigawa utabiri, darasa linaelewa kwamba yale mengine aliyofundisha kwa miaka minne hayakuwa na maana.

Wengine hutaka C+ tu ya kuingia chuo kikuu, wakidhani hiyo haihitaji silabasi nzima. Tangu 2023, gredi hujumlishwa kwa hesabu, lugha moja na masomo mengine matano bora. Hesabu haikwepeki.

Mwanafunzi aliyebakiwa na wiki chache aandike mada zote za somo kwenye karatasi moja, atie alama zile ambazo hajawahi kuzigusa, aanze na hizo. Mara nyingi ni chache kuliko anavyohofia, na maswali mepesi ya lazima hutoka humo humo. Msichana mmoja aliniletea orodha yake akitetemeka. Mada alizoziacha zilikuwa kumi na moja. Tulianza na latitudo na longitudo Jumatatu alfajiri, kwa chungwa na kalamu ya wino, kabla ya kengele ya uji.