Msahafu Mkononi Si Ushahidi wa Tiba

Mwezi Januari 2007, Yahya Jammeh, wakati huo Rais wa Gambia, alitangaza kuwa anatibu UKIMWI. Aliwapaka na kuwanywesha wagonjwa mitishamba huku Msahafu ukiwa mkononi, na televisheni ya taifa ikaonyesha. Wagonjwa wakaamrishwa waache dawa za hospitali. Fadzai Gwaradzimba, afisa wa Umoja wa Mataifa, alipohoji madai hayo, alifukuzwa nchini mwezi Februari. Wapo wagonjwa waliofariki. Mwaka 2018, Jammeh akiwa ameshaondoka madarakani, manusura watatu walimshitaki.

Ndugu Waislamu, hapa dini ilitumiwa kuziba midomo. Lakini kudai kuwa dawa inaponya ni habari inayopimika: wangapi wametibiwa, wangapi wamepona, na ni nani, asiyekuwa mganga mwenyewe, aliyewapima? Kuuliza hivyo si kuikana Qur'ani, bali ni kuilinda isifanywe ngao ya waongo.

Dua tuombe, na dawa tunywe; Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Tunawanasihi maimamu wetu: mimbari isitangaze tiba isiyothibitishwa. Muumini akifa kwa kuacha dawa, dhima yake ataibeba nani?