Tembea Uone, Lakini Uliza

Ndugu msomaji, wahenga walisema tembea uone. Mimi nimetembea, nimeona, na nimerudi na aibu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu mwaka huu, ingawa mwanzoni mhariri alikuwa ameniomba kitendawili tu cha kujazia ukurasa.

Mwishoni mwa Februari, wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula wa kwanza, chama chetu kilikwenda ziara ya siku tatu Malindi. Tulikuwa wanafunzi 38 na walimu watatu. Kila mwanafunzi alilipa shilingi 4,500. Kwetu hapa Migwani hizo si pesa za mchezo, na nyumbani kwetu mbuzi mmoja alihama boma kwa sababu yangu.

Mwenzangu wa dawati hakwenda. Mnakumbuka jinsi mvua ya vuli ilivyotuhadaa: ilikuja, ikatuchekea, ikaenda zake. Ndengu za kwao zilikauka zikiwa maua. Baba yake akamwambia achague: ziara au salio la karo. Akachagua karo. Usiku wa kuamkia safari alichana karatasi daftarini, akaandika maswali matatu, akanikabidhi. Akasema, "Hata usiponiletea picha si neno. Niletee majibu."

Nikamwambia, "Usijali, bana." Nikaitia karatasi mfukoni, na huko ikalala.

Basi letu liling'oa nanga saa tisa usiku. Tulipita Kabati, tukapita mji wa Kitui, kukapambazuka tuko njia ya Mutomo. Karibu na Kibwezi tulivuka Mto Athi. Mwalimu wa jiografia alisimama akatuambia tuutazame vizuri. Nusu yetu tulikuwa tumelala na nusu wanaimba. Basi tukashika barabara kuu, tukapita Mtito Andei na Voi, Mariakani tukakunja kushoto kupitia Kaloleni, na jua likielekea kuchwa tukaingia Malindi.

Loo! Mji huo ni kioja. Kenya nzima utaona vibao vya Kiswahili na Kiingereza, lakini Malindi utaona vya Kiitalia pia: pizzeria hapa, gelateria pale. Vijana wa ufuoni wakiona mgeni mweupe hawasemi "jambo", wanasema "ciao". Mwenzetu mmoja mcheshi akatangaza, "Jamani, tumefika Italia bila pasipoti!" Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kuanzia hapo jina la mji likawa Italia, na kila mtu akawa anataka picha ya kuonyesha nyumbani kuwa alifika Italia.

Kesho yake tulipelekwa kwenye mnara wa Vasco da Gama, ule wa mawe ya matumbawe wenye msalaba juu yake, pale kwenye rasi. Yule Mreno alifika Malindi mwaka 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa mji, akapata na rubani wa kumvusha hadi India. Haya nayajua kutoka kitabu cha historia, si kutoka pale. Mwongozaji alikuwa akieleza kwa bidii huku akinyosha mkono kuelekea kaskazini na kutaja Ngomeni, lakini sisi tulikuwa tunagombea nani asimame mbele. Simu zilizoruhusiwa zilikuwa mbili tu, za walimu, na foleni ilikuwa ndefu kama ya maji wakati wa kiangazi.

Halafu tukashuka ufuoni. Hapo mmoja wetu akalalamika, "Mbona bahari yenyewe ina matope? Ya kwenye kalenda ni ya bluu!" Tukaicheka bahari ya watu.

Jioni tuliwapitia wachongaji wa vinyago. Mzee mmoja, tezo mkononi, akatusikia tukinong'ona. Akainua kichwa akasema, "Wakya?" Tukaruka! Kumbe ni Mkamba mwenzetu! Tukamwitikia "Aa" kwa pamoja, tukamzunguka, tukapiga naye picha saba. Tulipokuwa tunaondoka alisema kwa upole, "Wanangu, mmenipiga picha zote hizo, na hakuna aliyeniuliza huu ni mti gani." Tukadhani ni utani wa wazee.

Siku ya tatu, tukirudi, tulipita kwenye magofu ya Gede, tukapiga picha nyingine. Jumla zilikuwa 212. Najua kwa sababu nilizihesabu.

Sasa sikia aibu yenyewe. Tuliporudi darasani, picha ziliposafishwa, nilimwonyesha mwenzangu wa dawati ile yangu nzuri zaidi. Akaitazama kwa muda. Akauliza, "Hapa umesimama wewe. Hiki kilicho nyuma yako ni nini?" Sikujua. Akauliza, "Na yale maswali yangu?" Nikatia mkono katika mfuko wa sweta. Karatasi ilikuwa bado imekunjwa vilevile alivyoikunja yeye.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alifungua kitabu chake cha hesabu akaendelea na kazi.

Kwa wiki mbili zilizofuata niliingia maktaba na kuwasumbua walimu wa historia, jiografia na fizikia. Yafuatayo ndiyo majibu ambayo ningeyapata Malindi kwa kufungua mdomo tu.

Swali la kwanza lilikuwa: Waitalia walifuata nini Malindi? Mimi ningejibu "bahari na jua". La hasha! Mwaka 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, walichokileta Malindi ni mabomu, yaliyoangushwa na ndege zao. Lakini miaka ya 1960 walirudi na kitu kingine: roketi. Mtaalamu wao, Profesa Luigi Broglio, alitafuta mahali karibu na ikweta, penye bahari wazi upande wa mashariki. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na ikwetani ndipo ardhi inapokwenda kasi zaidi, kwa hiyo roketi inayorushwa kutoka huko kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Bahari nayo hupokea vipande vinavyoanguka bila kumwangukia mtu. Ndipo wakasimamisha jukwaa la chuma baharini, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ndiko alikokuwa akituonyesha yule mwongozaji! Mwaka 1967 walirusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka pale. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Ikapewa jina gani? Uhuru! Neno letu la Kiswahili likapaa angani. Aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Urushaji wa setilaiti pale ulikoma mwaka 1988, lakini kituo cha nchi kavu kingali kinafuatilia setilaiti. Nyuma ya wahandisi wakaja watalii na wenye hoteli, na mji ukajifunza lugha yao.

Mwenzangu wa dawati anataka kuwa mhandisi. Sasa mwaelewa kwa nini aliuliza. Mimi, niliyekuwa karibu vile, nilikuwa nikitafuta pozi.

Swali la pili: Mto Athi unaishia wapi, na maji yake huko yana rangi gani? Ndugu msomaji, Athi ule tuliouvuka tukisinzia, unaotenganisha Kitui na majirani zetu wa Machakos na Makueni, ukishapokea Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Na rangi yake ni ya udongo. Yale matope tuliyoyacheka yaliteremka na mto huo, na sehemu yake ni mashamba ya Ukambani yaliyokosa matuta. Tulisafiri mchana kutwa kwenda kucheka udongo wa kwetu wenyewe. Hata matumbawe na nyasi za baharini hudhurika kwa udongo huo, na sisi huku mahindi yananyauka kwa kuukosa.

Swali la tatu: kuna Wakamba huko, na wanafanya nini? Wapo, tena walitutangulia zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikienda pwani kwa miguu kuuza pembe za ndovu. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Ama uchongaji, unasimuliwa kuwa uliletwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Na mti? Zamani wachongaji walipenda sana muhugu, mpaka ukaadimika misituni. Ndiyo maana siku hizi wengi huchonga mwarobaini, ambao humea upesi. Jibu hilo alikuwa nalo yule mzee, na alikuwa akingoja tu kuulizwa.

Sasa nifike kwenye hoja. Wapo wanaosema ziara hizi zifutwe, ni anasa, pesa zinunue vitabu. Siwalaumu. Kwa jinsi tulivyokwenda sisi, ilikuwa anasa kweli. Wapo wengine wanaosema, "Mwenye pesa aende, asiye nazo atulie." Hao nawapinga waziwazi. Aliyekuwa na maswali alibaki Migwani, na asiye na swali hata moja akapanda basi kwa sababu baba yake alikuwa na mbuzi wa kuuza. Je, huo ndio utaratibu wa shule?

Mimi naona ziara ziendelee, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, asipande basi mtu asiye na swali lake lililoandikwa na kuonwa na mwalimu, na akirudi asome jibu lake mbele ya chama. Pili, wanaobaki nao watoe maswali yao, na wanaokwenda wayabebe kama amana. Tatu, chama kilime ndengu katika kile kipande cha shamba kilicho nyuma ya maabara, ambacho sasa kinaota michongoma tu. Mavuno yawe nauli ya wale wasiojiweza. Mvua ikituhadaa tena, basi sote tubaki, au twende karibu: hata Athi kwenyewe kuna mengi ya kuuliza.

Tena tuulize kwa Kiswahili. Wale vijana wa ufuoni wameokota Kiitalia kwa masikio tu, bila mwalimu wala daftari, kwa sababu hawaogopi kukosea. Sisi tunafundishwa Kiswahili tangu shule ya msingi, ni wanachama wa chama chake, na mbele ya mwongozaji tukaona haya kusema, "Samahani, kaka, Ngomeni kuna nini?" Maneno matano tu!

Mtasema nimejidharau mno. Sivyo. Nilifurahi Malindi, nilicheka, nilikula samaki wa kupaka, na urafiki wetu umeshikamana zaidi. Lakini furaha hiyo ningeipata hata soko la Migwani. Kilichonigharimu mbuzi mzima ni nafasi ya kuuliza, nami sikuitumia.

Mwenzangu wa dawati alinisamehe siku niliposimama mbele yake na majibu yote matatu kwenye karatasi ileile. Alisoma lile la Uhuru mara mbili. Kisha akageuza karatasi, akaandika upande wa pili swali la nne: "Migwani tuko karibu na ikweta kuliko Malindi. Mbona hawakurushia hapa?"

Nilimjibu kuwa huku hatuna bahari upande wa mashariki, vipande vingewaangukia ng'ombe wa watu. Akacheka. Kisha akasema jibu hilo halimtoshi, mwakani anataka akamuulize mwenyewe aliye kazini Ngomeni.

Walimu wetu wapendwa, naomba aende. Na nafasi ikiwa moja tu, mimi nitabaki. Nitampa karatasi yangu.