Nauli kwanza, miradi baadaye

Nakuunga mkono, ndugu uliyeandika kwamba vijana wetu wa Likasi wafanye staji, wajifunze kazi ya kutafuta fedha na kutetea wanawake. Ila wasifungiwe ofisini kuandikia wafadhili barua. Macho ya wengi yako Bukavu, kwa Daktari Mukwege na hospitali ya Panzi inayotibu wanawake waliobakwa, na wanastahili. Lakini mama anayeosha madini huku kwetu akibakwa, nani anasikia? Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72. Saa hizo zinapotea akitafuta nauli ya pikipiki, akiogopa pia maneno ya mashemeji. Fedha ianzie hapo: nauli, cheti cha daktari, wakili. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 inataka kesi ya ubakaji ihukumiwe ndani ya miezi 3. Kijana aliyemsindikiza mama parke, kwa mwendesha mashtaka, na mahakamani mpaka hukumu isomwe, huyo ndiye atakayejua aombe nini na kwa nini. Naye apewe nauli, tafadhali. Binti wa komine ya Panda asiye na hela ya basi atamalizaje hiyo staji?